Ndizi Mbivu na Matamvua ya Bendera

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu 1975

Habari imetoka! Foyer, nyumba ya mafunzo ya kina mama pale parokiani, inatafuta monitrice, yaani mwalimu wa kudarizi. Anayetaka apeleke kazi moja ya mkono wake kwenye maonyesho ya Jumapili tarehe 16. Ma sœur Domitille mwenyewe atachagua. Nimesoma tangazo mara nne mlangoni mwa kanisa, mpaka mtunza sakristia akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Nimepotelewa, ndiyo. Miaka ishirini na miwili ninapiga mashine kwenye ofisi ya serikali, barua za watu wengine juu ya mambo ya watu wengine. Nina miaka arobaini na sita. Sindano niliishika nikiwa na miaka tisa, kwa masista, nikajua siku ile ile nimezaliwa kwa ajili yake. Nafasi hii ikinipita, nyingine haiji.

Kazi ninayo. Mwaka mzima nimeidarizi: mama yangu, Mungu amrehemu, anapanda mlima wa Mumosho akitoka mtoni Ruzizi, kamba kwenye paji la uso, kitunga cha ndizi mgongoni. Mlima tayari. Mama tayari, hata mikunjo ya pagne, kitenge chake. Ndizi bado. Ndizi ni mbivu, na uzi wa manjano haupo Bukavu nzima. Serikali ilipomnyang'anya Mgiriki duka lake na kumpa bwana mpya, bwana mpya aliuza vyote vilivyokuwemo, kisha akakaa kungoja vingine vije vyenyewe. Leo nimekuta kengele tatu za baiskeli na kalenda ya mwaka juzi. Nikaulizia uzi. Akanionyesha kamba ya mbuzi.

Isidore, mume wangu, ameuliza kwa nini nisidarizi ndizi mbichi, maana uzi wa kijani ninao kopo zima. Mbichi! Mama alibeba ndizi mbivu, na harufu yake ndiyo iliyotufanya watoto tukimbie kumpokea njiani. Mtu wa kupima barabara anajua nini?

Jumatano, tarehe 5

Nimekwenda kwa Constance. Huyu ndiye rais wa kina mama wa foyer, na kwake kila kitu kimefunikwa kwa kroshe: redio, viti, termosi. Nadhani na mumewe angefunikwa kama angekaa kimya. Shemeji yake huvuka kwenda Cyangugu, upande wa Rwanda, kila wiki, kwa hiyo uzi haumkosi. Nafasi ya monitrice naye anaitaka. Hajasema, lakini ananyoosha shingo.

Mpango wangu: kusifu mpaka atoe mwenyewe. Nikasifu kitambaa cha meza. Nikasifu manjano ya pembeni. Nikasema manjano siku hizi ni shida sana, nikahema. Constance akakubali kwamba ni shida sana, akaniongezea chai. Nikahema tena. Akaniuliza kama nina pumu.

Vikombe viwili vya chai, uzi hakuna. Labda ningebeba hata mayai. Mkono mtupu haulambwi. Lakini kuomba sikuomba. Nimwombe uzi mtu ninayeshindana naye? Kamwe!

Ijumaa, tarehe 7

Asubuhi, kusalimu bendera kwenye ua wa ofisi kama kila siku. Wote mstari, tunaimba. Papa Emile mbele, ameshika ile bendera ya heshima ya cellule yetu, tawi la chama hapa ofisini, kwenye mti wake. Kijani, mwenge katikati. Na pembeni, kuizunguka yote: matamvua. Ya manjano. Ya hariri. Marefu kama kidole! Miaka yote hii nimeyatazama bila kuyaona. Nikasahau maneno ya wimbo.

Papa Emile ndiye mkubwa wa cellule na mtunza bendera, mtu anayejaribu kufuli mara tatu kabla ya kuondoka. Nikamwambia matamvua yanalegea, na Alhamisi mgeni wa chama anakuja kutukagua. Moja likidondoka mbele yake, tutaweka wapi nyuso zetu? Jasho likamtoka. Akaniomba, akanisihi, niichukue nikaishone nyumbani. Kwanza lakini nitie sahihi décharge, hati ya kupokea: mimi, citoyenne Nabintu, nimepokea bendera moja ikiwa nzima. Majina ya Kikristo yamekatazwa, kwa hiyo kwenye karatasi siku hizi mimi ni Nabintu, Godelive amebaki nyumbani. Nilitia sahihi. Lile neno "nzima" lilinichoma.

Jumamosi, tarehe 8

Salongo, kazi ya lazima ya umma, mpaka saa nne, tumezibua mitaro. Kisha nyumbani, mlango nimefunga.

Nilijiapiza: kutoka kila tamvua la tatu, uzi mmoja tu. Nani atajua? Lakini upande wa kushoto ukawa mwembamba kuliko wa kulia. Nikapunguza wa kulia. Sasa wa kulia ukazidi kuwa mwembamba. Nikarudi kushoto. Kinyozi mbaya husawazisha hivyo hivyo mpaka mteja anabaki na upara. Kufika saa saba, kila tamvua lilibaki na nyuzi mbili tatu.

Lakini ndizi! Kumi na nne. Zinang'aa. Isidore alisimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akasema anazisikia harufu. Nimelia. Sijawahi kufanya kitu kizuri namna hii maishani mwangu. Halafu nikaiona bendera kwenye kiti, na machozi yakakauka kwa hofu.

Jumatatu, tarehe 10

Nimerudisha bendera ikiwa imekunjwa vizuri sana. Papa Emile akaikunjua. Akaenda dirishani kwenye mwanga.

"Maman, bendera iko nafanana mutu alinyolewa kwa matanga."

Nikasema ndio mtindo wa sasa, usafi. Hakucheka. Aliifungia kabatini, akajaribu kufuli mara sita. Nimepiga barua moja mara tano na bado ina makosa.

Jumanne, tarehe 11

Saa sita mchana, hodi. Papa Emile, bendera chini ya koti la mvua, na mvua hakuna. Hajalala tangu jana. Kumbe naye alitia sahihi yake kwa wakubwa: bendera moja, nzima. Akasema watu wameitwa kujieleza kwa makosa madogo kuliko haya, na si wote walirudi na kazi zao. Nikamwahidi kesho itakuwa sawa.

Mpango mpya! Singlet nyeupe ya Isidore, fulana yake ya ndani, nimeifumua yote. Uzi nimeuchemsha na maganda ya vitunguu, kama mama alivyofanya na vikapu. Manjano imetoka! Si ile ile, lakini kwa mbali inadanganya. Isidore ameuliza singlet yake iko wapi. Nimemwambia inatumikia taifa.

Alhamisi, tarehe 13

Nife leo.

Mgeni alifika. Mstari ulinyooka. Matamvua yangu ya vitunguu yalipendeza, nasema kweli. Tukaanza kuimba, na ubeti wa kwanza haujaisha, mvua. Hakuna aliyethubutu kusogea. Manjano ikaanza kushuka. Tone, tone, kwenye bega la suti mpya ya abacost ya Papa Emile, rangi ya maziwa. Mtu ameshika bendera, anaimba, hawezi kujifuta. Mpaka mwisho wa wimbo bega lote lilikuwa manjano, na matamvua yalikuwa singlet tena.

Mgeni alipita mbele yetu. Akasimama. Nikasali. Akavuta hewa puani, akauliza nani anapika vitunguu, kisha akaenda kula. Hakuona kitu!

Papa Emile aliona. Hakuuliza uzi wa kweli umekwenda wapi. Alisema polepole tu, maji yakimtiririka: "Ile uzi irudie pale ilitoka. Yote. Siku ya mposho kiisha salongo. Kama hapana, décharge yako itapanda kule juu, na miye nitaisindikiza."

Siku ya mposho ni Jumamosi. Maonyesho ni Jumapili.

Jumamosi, tarehe 15

Nimezifumua. Ndizi kumi na nne, moja moja, kwa ncha ya sindano ili uzi usikatike. Niliwaza kukimbilia kwa dada yangu Minova na kitambaa changu. Niliwaza kusema mwizi ameingia. Lakini Isidore naye ni mtu wa serikali, na tunakula mkate mmoja. Nilipofika ndizi ya mwisho nilimwomba mama msamaha kwa sauti.

Papa Emile alikaa sebuleni kwetu muda wote, anasubiri, anakunywa chai. Matamvua yamerudi. Yamejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa jana, lakini ni yenyewe. Alinirudishia décharge yangu. Nimeila. Kweli, nimeitafuna na kuimeza.

Kisha nimedarizi ndizi mbichi. Isidore alipita, akatazama, akawa na akili ya kutosema kitu.

Jumapili, tarehe 16

Chumba kimejaa. Kitambaa cha meza cha Constance katikati, kikubwa kama uwanja. Changu pembeni, karibu na mlango.

Ma sœur Domitille alifika kwangu. Akakigeuza, maana masista husoma mgongo wa kazi kwanza. Akaona matundu ya sindano kuzunguka ndizi. Akauliza kulikuwa na nini hapa. Nikasema ndizi mbivu, ma sœur. Alinitazama sana. Nikanyoosha ukingo wa kitambaa. Alisema mama huyu anapumua, kisha akaenda zake.

Monitrice ni Constance.

Sikulia mbele za watu. Nilikuwa nakunja kitambaa changu aliposimama tena Constance, akasema kazi ni nyingi kwa mtu mmoja, anaomba msaidizi, na msaidizi anayemtaka ni Godelive. Mimi! Watu wakapiga makofi. Nikadhani nimesikia vibaya.

Mlangoni akanitia kitu mkononi. Uzi wa manjano, pakiti nzima, ya Cyangugu. Anayo tangu Noeli!

"Maman Godelive, siku ile ulikuya kwangu, ulisifu, ulihema, ulikunywa chai. Kuomba, hukuomba. Miye ningejua namna gani?"

Nimekuwa na aibu mpaka kwenye vidole vya miguu. Na furaha. Vyote kwa pamoja.

Jumatatu, tarehe 17

Nimekuwa mtu mpya. Nimejifunza: mwenye haja huomba. Neno hilo nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya kopo la nyuzi.

Ndizi zitaiva tena wiki hii. Na kazi mpya nimeshaichora: jogoo wa baba, yule aliyewafukuza hata mapadri. Kila kitu ninacho isipokuwa nyekundu ya upanga wa kichwani. Constance anayo, nimeiona jana kwa macho yangu, sanduku limejaa. Ni kusema neno moja tu. Lakini kuomba mara ya kwanza, siku moja baada ya kupewa! Yeye monitrice, mimi msaidizi! Ataniona mtu wa namna gani?

Asubuhi tumesalimu bendera. Matamvua yamekaa vizuri, Papa Emile amepata nafuu, hata amenitabasamia. Nikainua macho. Ule mwenge katikati, moto wake ni mwekundu. Hariri. Mnene.

Na pembeni naona kama umelegea kidogo. Kesho nitamwambia Papa Emile.