Kamba Nane za Nyumba ya Vitabu

Wenzangu, leo nimepata haya mpaka masikio yanawaka! Musicheke kwanza. Kaeni niwaambie.

Ile nyumba ya vitabu hapa Kasongo munaijua, mi njo nashika funguo yake. (Kusoma? Najua a, e, i, na jina langu. Lakini kila kitabu nakijua kwa ngozi yake: cha hesabu kililiwa na panya kwa pembe, cha dawa kinanuka mafuta ya taa.) Vijana sita wanasomea mule konkuru, ule mutihani wa kuingia universite. Wawili wanatoka kule Kabambare, wanakanyaga kinga, baiskeli ile, siku mbili, wanafika hata kukaa hawawezi.

Sasa juma hii Bwana Administrateri, muzungu wa Serikali, akasema: nyumba nzima kwa watu sita? Hasara! Ataigeuza depo ya pamba. Padri akamuomba, "Kuya kwanza uone namna inafanya kazi." Akakubali. Leo asubuhi.

Mi nikasema: pamba? Kwangu? Hapana kabisa!

Sababu ile nyumba inageuka, wenzangu. Nilikamata mikeka nane ya Nyangwe, nikaitundika kwa miti ya dari, kila mumoja na kamba yake. Kamba zote zinafika kwa kiti changu, pa mulango. Ukilegeza, mukeka unashuka, kila kijana anapata kijumba chake, anasoma kimya. Ukivuta, mukeka unajikunja juu, iko chumba kimoja kikubwa, sale yenyewe: mama wanashona mule, ama Padri anafundisha. Na meza ni za mianzi, mutu mumoja anabeba kwa kichwa.

Padri anasifu sana akili yangu. Mi napokea sifa. (Akili gani? Mikeka nilitundika sababu ya mukwe!)

Donati, bwana wa mutoto wangu Veronika, ni mumoja wa wale sita. Na munajua kwetu, mama mukwe na mukwe hawaonane uso. Nikimuona njiani, naruka majanini. Sasa nyumba ya mulango mumoja, majani yako wapi? Njo mukeka! Akifika anakohoa mara tatu inje, naangusha mukeka wa mbele yangu, anapita kwa nyuma yake. Miezi mingi vile. Hata ndevu zake sijui kama iko nazo.

Jana nikamwambia Veronika, "Bwana yako kesho asikuye. Iko wageni, mikeka itapanda."

"Ndiyo, mama."

Ndiyo, mama! Alimwambia, lakini yule ni kichwa ngumu, konkuru iko karibu. Asubuhi nilifungua nyumba, nikaenda kuchota maji ya kupangusa meza. Yeye akafika, akakohoa mara tatu, hakuna mutu. Akaingia kijumba cha mwisho, akanyamaza. (Kunyamaza, mi njo nilimufundisha. Mule ndani ni silansi!)

Wageni wakaingia. Bwana Administrateri murefu kama mulingoti, soksi mpaka magoti, kofia ngumu kwa kichwa. Mikeka yote chini, vijana ndani wanasoma, unasikia tu karatasi inageuka. Akasimama katikati.

"Mama, sasa nataka sale. Inachukua saa ngapi?"

"Bwana, piga chafya mbili, imekwisha." (Kinywa changu hiki!)

Siku zote navuta kamba moja moja. Leo nikazikamata zote nane, nikaweka muguu kwa ukuta, nikavuta! Mikeka yote ikaruka juu pamoja, vuuu! Nikafunga kamba kwa musumari, nikaenda mpaka karibu ya muzungu, nikageuka na majivuno.

"Haya, Bwana! Sale hii!"

Na Donati huyu. Hatua tatu. Macho kwa macho! Iko na singileti yenye kutoboka, miguu ndani ya beseni ya maji, asisinzie.

Yeye akalia, "Yooo!" Mi nikalia, "Mama yangu!" Mukeka iko juu. Majani hakuna. Ningefanya nini? Nikaruka nyuma ya Bwana Administrateri, nikamukamata kwa mukaba.

"Mama! Unafanya nini?"

"Bwana, simama vile vile! Usitikisike! Mukwe wangu iko pale!"

Donati anatafuta mulango. Akienda kushoto, namugeuza muzungu kushoto. Akienda kuume, namugeuza kuume. Kofia ikaanguka, ikabingirika. Wale vijana watano wameficha uso kwa vitabu, mabega yanatetemeka. Donati naye akaona afunike uso: akabeba meza ya mianzi kwa kichwa, akakimbia kama kobe. Haoni mbele! Akamugonga Bwana Administrateri kwa tumbo, pu!

Tukaanguka. Mi chini, Serikali nzima imekaa juu ya magoti yangu kama mujukuu.

Donati akatoka na meza yake. Padri anacheka mpaka machozi, anaeleza kwa Kizungu. Muzungu akasimama, akajipangusa, uso mwekundu kama mafuta ya mawese.

"Mama, hii mikeka ni ya wanafunzi ama ya mukwe?"

Nikaona nyumba inakwenda. Lakini kurudi nyuma, mi? Hapana.

"Bwana, nilianza na mukwe, sitakudanganya. Lakini uliwasikia? Vijana sita mule ndani, na mi mwenyewe nilizani ni watano! Depo gani iko na kimya kama kile? Ukileta pamba, lete. Mi nitakaa juu yake na vitabu vyangu, na wao watakaa hapo wasome."

Akaniangalia. Akawaangalia. Akaokota kofia, akatoa kalamu, akaandika. Padri akanisomea: nyumba inabaki ya vitabu. Na mulango wa pili ukatwe kwa nyuma, juma hii hii, kwa usalama wa watumishi wa Serikali.

Basi, nimeshinda. Donati ametuma kuku wa kuomba musamaha, nami nimemutumia wangu. Meza bado hajarudisha, haya inamushika.

Nawe, Mama Asha, niliona hilo jino! Mwenye atacheka, akumbuke mukwe wake pia anasoma kwangu, na mwenye kuvuta kamba ni miye.