Kereng'ende Mwenye Mabawa Manane

Kusema kweli, Ildefonce hakuwa mwongo. Mwongo hujua kwamba anadanganya. Ildefonce yeye alikuwa akisema jambo, analisikia kwa masikio yake mwenyewe, na papo hapo analiamini!

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili moja, mwaka wa pili baada ya vita vya Hitler, aliposimama nje ya kanisa letu huku juu Uru na kutangaza mbele ya watu wazima na akili zao kwamba katika Tanganyika nzima hakuna anayewajua kereng'ende kumshinda yeye.

"Nawajua wote!" alisema. "Wa mtoni, wa kwenye mfongo, wa madimbwi ya Kwa Sadala. Nawajua kwa jina, kwa ukoo na kwa tabia. Na wao wananijua!"

Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Kwetu sisi, kereng'ende ni kereng'ende, basi. Anaruka juu ya maji, anatua, anaruka tena. Nani alikuwa na nafasi ya kumuuliza ukoo wake?

Chanzo cha majivuno yote haya kilikuwa Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Wavu, kwa sababu mchana kutwa alitembea na wavu wa kitambaa chepesi kwenye fimbo ndefu, akikimbizana na wadudu. Alikuwa akiandika kitabu cha kereng'ende. Siku hiyo padri alikuwa ametutangazia kwamba Bwana Wavu anatafuta mtu mmoja wa kufuatana naye miezi tisa: Upare, Usambara, mpaka Ziwa Viktoria. Mshahara upo, kaptura za kaki zipo, na viatu vipya vya ngozi vipo! Sharti lilikuwa moja tu. Mtu huyo aweze kuwatofautisha kereng'ende kwa macho, pale pale walipotua. Mtihani ungekuwa Alhamisi.

Ildefonce alikuwa mpiga kengele wa kanisa. Ni kazi ya heshima, maana bila yeye kijiji kizima hakijui kama ni saa ya sala au ya kulala. Lakini Jumatatu asubuhi, siku tatu kamili kabla ya mtihani, alimkabidhi Kornel, kijana aliyeitamani kazi ile siku nyingi, kamba ya kengele.

"Chukua," alimwambia. "Mimi na kamba basi. Naingia kwenye elimu."

"Na mtihani ukikushinda?" nilimuuliza.

Aliniwekea mkono begani. "Primus, ndugu yangu, mtihani humshinda asiyejua."

Mama yangu ni mama yake mdogo, kwa hiyo matatizo yake huwa yananifikia hata nikijificha. Nilimtazama Kornel alivyoikumbatia ile kamba, nikaona wazi kwamba hatairudisha leo wala kesho. Mchana ule aliipiga kengele mara tatu bila sababu yoyote. Nikaogopa kwa niaba ya Ildefonce, maana mwenyewe hakuwa na habari.

Jumatano jioni alinijia akicheka peke yake.

"Nimegundua siri," alisema. "Wazungu kila mdudu wanampa jina la Kilatini. Sasa niambie, hapa Uru nani anajua Kilatini?"

"Padri."

"Na baada ya padri?"

Hakunisubiri. Akajigonga kifua.

"Mimi! Miaka sita nimetumikia misa!"

"Lakini Ildefonce, maneno ya misa si majina ya wadudu."

"Kilatini ni Kilatini," alinijibu, akaenda kupiga pasi tai.

Alhamisi tukashuka kwenye mfongo, mfereji wetu ambao mababu waliuchimba kuyaleta maji ya mtoni mpaka kwenye vihamba vya migomba. Pale unapoachana na mto kuna mawe, kuna kivuli, na kereng'ende ni wengi kupita kiasi. Ildefonce alivaa koti la marehemu baba yake, tai, na kofia iliyomfika kwenye nyusi. Mimi nilipewa sanduku la chupa nilibebe. Bwana Wavu alikuja na kaptura yenye kiraka, akasalimia, akafungua daftari.

"Haya," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Yule juu ya jiwe, mwekundu. Ni nani?"

Ildefonce hakusita hata kidogo. "Huyo, Bwana, ni Kirie Eleisoni!"

Bwana Wavu aliinua kichwa. "Hicho ni Kigiriki."

"Ndiyo, Bwana. Huyu ametoka mbali."

Bwana Wavu alikohoa kidogo. Akaonyesha mwingine, wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na manjano, ametua kwenye unyasi karibu na yule mwekundu. "Na huyu?"

"Dominus Vobiscum. Ukoo mwingine kabisa! Hawa na wale wekundu hawasalimiani."

"Na yule mwembamba, mwenye miguu myeupe?"

Hapo hata mimi nilitazama. Kilikuwa kidudu chembamba, tumbo la buluu, miguu myeupe kwa mbele na myekundu kwa nyuma, nacho kilikuwa kinaelea hewani mbele ya mwenzake wa kahawia, kikitikisa miguu ile kama mtu anayepepeta mchele. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nilikuwa nimepita hapo maisha yangu yote!

"Huyo ni Et Cum Spiritu Tuo," alisema Ildefonce. "Ni askari. Anamfukuza yule adui wa kahawia atoke kwenye eneo lake. Angalia anavyompiga mateke!"

"Mimi pia nilitumikia misa nilipokuwa mtoto," alisema Bwana Wavu taratibu. "Miaka saba."

Ildefonce aliivutavuta tai yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtu alikuwa amemzidi mwaka. Jasho likaanza kumtoka chini ya kofia, nami nikamwonea huruma. Kazi ilikuwa inamponyoka, na kengele alikwisha kuigawa.

Ndipo Mungu, au shetani, akamletea kile kitu.

Kilipita juu ya maji kikiyumba, kirefu, cha buluu. Kikatua kwenye jani. Ildefonce alikodoa macho, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Kisha akapiga ukelele uliowafukuza ndege wote mitini.

"Mabawa manane! Bwana, andika! Andika upesi! Kereng'ende mwenye mabawa manane!"

Alinyakua wavu mkononi mwa Bwana Wavu, akaruka, akaufunika ule muujiza pamoja na jani lake. Alirudi anatetemeka kwa furaha. Nadhani tayari alikwisha kuliona jina lake kwenye jalada la kitabu. Akafungua wavu kidogo kidogo.

Kereng'ende mwenye mabawa manane akaachana katikati. Mabawa manne yakaruka kwenda kushoto, mabawa manne yakaruka kwenda kulia.

Tuliwafuata kwa macho. Kisha sauti ya mwanamke ikasema nyuma yetu, "Jamani, baba! Hao walikuwa wanaoana. Kwa nini usiwaache?"

Alikuwa Mama Flavia, mjane wa pale juu, anatoka tambarare kukatia ng'ombe wake majani. Mzigo alikuwa ameutua ukingoni apumzike, kama anavyofanya kila siku.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu Ildefonce anawatafutia nini hawa wadudu?"

Bwana Wavu alikwisha kumgeukia. "Mama, unawajua?"

"Kuwajua niwajue wapi? Nawaona tu. Miaka thelathini napumzika hapa." Akanyoosha kidole. "Yule mwekundu ni mume, na huyu wa kahawia ni mkewe. Watoto wao wa kiume wakiwa wachanga huvaa rangi ya mama, ndipo baadaye wawe wekundu. Na huyu mwenye miguu myeupe hampigi mtu. Anamchezea ngoma yule binti amkubali. Leo ni siku ya tatu, bado binti anaringa."

"Na koo zao unazitofautishaje?" Sauti ya Bwana Wavu ilikuwa imeshuka kabisa.

"Rangi itakudanganya, baba. Mtazame akitua. Wanene hawa hutandaza mabawa hata wakipumzika. Wembamba hawa wengi wao huyakunja mgongoni, na macho yao yameachana, moja huku na moja kule."

Bwana Wavu alivua kofia. Aliandika kurasa nne bila kuinua kichwa. Alipomaliza akamwomba Mama Flavia wafuatane safari nzima, miezi tisa.

"Aika, baba, nashukuru, lakini nina ng'ombe," alisema Mama Flavia. "Ng'ombe hajui habari za Usambara."

Wakaelewana hivi: Mama Flavia atakaa na Bwana Wavu pale mfongoni mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, amfundishe. Ila ikabaki shida moja. Siku zote hizo nani atamkatia ng'ombe majani?

Tukamtazama Ildefonce.

Msomaji, kama hujakaa kwetu, hebu nikueleze. Kwetu mwanamume atalima kahawa, atachimba mfongo, atachinja. Lakini kushuka tambarare kukata majani na kuyapandisha mlimani kichwani ni kazi ya wanawake. Mwanamume akionekana na mzigo ule, habari itafika Bomang'ombe kabla yake!

"Ukifanya kazi hii vizuri," alisema Bwana Wavu, "safari nitaifikiria upya."

Angefanya nini? Nyuma yake Kornel, mbele yake viatu vya ngozi. Akavua tai.

Alirudi saa kumi na moja jioni, mzigo kichwani, koti la marehemu limejaa mbigili. Wanawake waliotoka gulioni walisimama njiani wakamwimbia. Alipita katikati yao shingo imenyooka, akautupa mzigo mbele ya ng'ombe wa Mama Flavia.

Ng'ombe akanusa, akapiga chafya, akageukia ukuta.

Mama Flavia alichukua unyasi mmoja, akauvunja, akauangalia. "Ildefonce, mwanangu, haya hayaliwi. Haya ni ya kuezekea nyumba."

Unadhani alinyamaza? Ildefonce?

"Najua, mama!" alisema. "Niliona banda lako linavuja."

"Kumbe!" alisema Mama Flavia. "Mungu akubariki. Ngazi iko nyuma ya banda."

Basi, majani ya ng'ombe nikayakata mimi, alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Mchana nilikaa mfongoni na lile sanduku nikimsikiliza Mama Flavia. Siku ya mwisho Bwana Wavu alinijaribu. Niliwatambua watano. Aliponionyesha wa sita nilimtazama mbele, nikamtazama nyuma, nikasema, "Sijui, Bwana."

"Hatimaye, mtu anayekiri hajui!" alisema Bwana Wavu, akanipa viatu.

Jumamosi gari lake lilishuka kuelekea Moshi mjini, nami nimekaa nyuma, miguu nimeinyoosha ionekane. Tulipopita kwa Mama Flavia, Ildefonce alikuwa juu ya paa. Moyo uliniuma, kwa kweli. Nilijua alivyoitaka kazi ile, na sikujua nimwambie nini. Nikampungia mkono.

Akasimama wima kule juu, mikono kiunoni.

"Primus!" aliniita, kijiji kizima kikasikia. "Ukikwama jina lolote huko, niandikie barua!"

Kutoka chini, bandani, nikasikia sauti ya Mama Flavia. "Ildefonce! Shuka uanze upya, baba. Majani yote umeyalaza kichwa chini miguu juu!"