Uji Ndani ya Rejeta

Jumatatu, 4 Agosti
Zulia la mbele limelowa tena. Chini ya miguu ya abiria! Nilidhani ni mvua, lakini mvua ya Kitale hainuki utamu. Ni maji ya rejeta, yanavuja kutoka kwa hita. Wiki hii, kati ya wiki zote! Jumamosi tunampeleka Mukhisa, mwana wa marehemu kaka yangu, Bungoma kuzungumza mahari. Na kwetu kila mtu anajua: gari analopanda Shangazi Nakhungu ndilo linaloongoza, na mwenye gari ndiye msemaji. Shangazi miguu yake haivumilii baridi. Hita yangu ni kuukuu lakini inachoma kama jiko. Binamu yangu Sifuna ana gari jipya, ila hajui hata kitufe cha joto kiko wapi. Maskini.

Jumanne, 5 Agosti
Abdi, fundi wa karibu na msikiti, alitia kidole, akanusa, akasema hita imetoboka. Ati avue dashibodi nzima, kazi ya wiki, ama aunganishe paipu mbili maji yasipitie kwa hita kabisa. Gari itatembea poa, mzee, ni joto tu utakosa. Joto tu! Nikamwambia bila joto hilo si gari, ni toroli. Alicheka. Sijaona dharau kama hiyo tangu Sifuna anunue gari.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilikwenda Matisi kumjulia hali Shangazi, na kuhakikisha Sifuna hajamfikia. Hajamfikia! Shangazi alikuwa anapika uji kwenye chungu kipya. Ati chungu kipya huvuja mpaka kipikiwe uji, ndio uzibe vitundu. Rejeta ni nini kama si chungu chenye boneti? Alikuwa bado anaeleza nilipotoka mbio.

Jioni Nelima, mke wangu, alienda kwaya. Unga wa wimbi aliosaga kwa ajili ya wakwe ulikuwa umekaa tu. Nimemimina wa kutosha. Injini ikaukoroga yenyewe, bila mwiko.

Ijumaa, 8 Agosti
Zulia kavu! Nimelipapasa hata kwa shavu. Elimu ya wazee haina mpinzani. Nimempigia Sifuna simu kumpa pole mapema. Akauliza pole ya nini. Nimekata.

Jumamosi, 9 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi tuliondoka vizuri. Shangazi mbele, viatu vipya, miguu motomoto, akinisifu njia nzima. Sifuna nyuma akila vumbi. Kabla ya Webuye hita ikapoa ghafla. Shangazi akauliza nani amefungua dirisha. Halafu mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, na chini ya dashibodi kitu kikapasuka. Uji! Wa rangi ya wimbi kabisa, umeiva, ukamwagika viatuni mwa Shangazi.

Alipiga yowe, akainama, akanusa, akanigeukia mimi. Wee Khisa, hii si uji? Ati nimetoka kwangu kwenda kuposa ama kunyweshwa uji na miguu? Nelima, kiti cha nyuma, alinusa pia. Akauliza kwa upole unga wa wakwe uko wapi. Upole huo ndio ulionitisha.

Shangazi akahamia kwa Sifuna. Sifuna akatoa kamba, tena kwa tabasamu! Nimeingia kwa wakwe nikivutwa kama ndama. Wakwe wakadhani gari hilo ni sehemu ya mahari, wakasema wamelikataa. Sifuna alisema maneno yote. Alisema vizuri, jambo ambalo ni ukosefu wa heshima. Mimi nilikalishwa karibu na jikoni, na chakula kilichonifikia kilikuwa shingo ya kuku. Shingo! Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 10 Agosti
Abdi, ambaye Jumapili kwake ni siku ya kazi, alikuja akachokoa uji kwa waya hadi adhuhuri. Ameunganisha zile paipu mbili. Gari linakwenda, halivuji, na ndani ni baridi kama Mlima Elgon. Ati si nilikuambia.

Lakini nimefikiri wakati wote wa ibada. Arusi ni Desemba, na Shangazi atahitaji gari. Uji haukuwa na kosa. Kosa ni la wimbi! Wimbi ni laini mno. Muhogo ndio hushika. Nimemwambia Abdi arudishe hita kwenye laini. Ameondoka bila kuaga, mikono kichwani, kwa hivyo nimezirudisha paipu mwenyewe.

Nelima anatafuta unga wa muhogo jikoni. Nimemwambia labda ni panya.

Zulia kavu! Nimempigia Sifuna simu kumpa pole mapema.