Sahani Tisa za Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni
Nimejiandikisha! Kozi ya uhasibu wa uchunguzi, kwa njia ya mtandao, miezi sita. Nikimaliza nitakuwa mtu wa kunusa wizi ndani ya makaratasi. Polisi wataniita. Makampuni yatatetemeka. Kwaheri ukarani wa hesabu katika duka la vigae! Fomu ilitaka watu wawili wanaonifahamu vizuri. Nilifikiri sana. Nikaandika dada yangu na daktari wangu wa meno.

Jumatano, 5 Juni
Somo la kwanza: tafuta kesi halisi, uiandikie ripoti ndani ya siku kumi. Ripoti isiyo na wizi haipokelewi. Nikapekua pipa la taka la ofisi. Bahati iliyoje! Risiti nne za mgahawa wa ng'ambo ya barabara, zote za Ijumaa, zote saa saba mchana, zote sahani tisa. Nani anakula sahani tisa? Kwa fedha za nani? Mama wa usafi akanikuta kichwa kimo ndani ya pipa, akauliza kama mshahara wangu haujaingia. Nikaendelea kupekua.

Ijumaa, 7 Juni
Saa saba kamili ofisi ikabaki tupu. Nikawafuata, uso nyuma ya gazeti. Nikagonga nguzo. Dereva wetu akanipungia mkono kutoka mezani, nikajifanya simwoni. Wote walikuwepo: bosi, Mama Stoo anayetunza ghala, Mtanashati wa mauzo, mpaka mlinzi. Mtanashati akasema jambo, wote wakaangua kicheko. Ndiye kiongozi wa genge, sina shaka. Tai ya hariri, kwa mshahara ule ule kama wangu! Nikarudi kula mkate wangu. Jioni dada akapiga simu, akauliza kama nimeshapata marafiki kazini. Nikamwambia nina washukiwa tisa.

Jumatatu, 10 Juni
Nimempelekea bosi ripoti. Kurasa kumi na moja. Yeye nimemweka wa mwisho kwenye orodha ya washukiwa, kwa heshima. Akaisoma yote, akafunga mlango. Akasema taratibu kwamba hakuna hata senti ya kampuni iliyoliwa. Wanachangishana wenyewe tangu mwaka jana. Akanikumbusha kwamba nami niliombwa kuchangia, nikadai kwanza katiba, mweka hazina na mkaguzi kutoka nje. Kweli nilidai. Bado naona nilikuwa na haki. Lakini ofisi yetu ina watu kumi. Nimeirudia hesabu hiyo mara tatu mezani kwangu, jibu ni lile lile. Leo nimejisikia mpweke kuliko siku zote, na kwenye ripoti hakuna sehemu ya kuandika jambo hilo.

Alhamisi, 13 Juni
Mama Stoo amekuja mezani kwangu. Akasema, mdogo wangu, kesho twende wote, wiki hii tunakulipia sisi, na usipokuja nitakuagizia sahani yako nikuletee hapa hapa. Nilitamani sana kusema ndiyo. Nikafungua somo la pili: mchunguzi hapokei kitu kutoka kwa mshukiwa. Nikamjibu kwa barua, nakala kwa bosi.

Ijumaa, 14 Juni
Wameenda. Ofisi kimya, nasikia saa ya ukutani tu. Nimekula mkate. Saa nane wakarudi. Mama Stoo akaniwekea mezani chombo cha chakula, bado cha moto, akaondoka. Nikangoja afike ghalani, nikakimbilia pipa. Risiti ya leo: sahani kumi! Niliwahesabu wakitoka, watu tisa! Sahani moja imepenyezwa bila maelezo yoyote! Hatimaye, kesi ya kweli! Chombo nimekizungushia utepe, nikaandika juu yake Kielelezo Namba Moja, nikakifungia kabatini. Kinanukia mpaka huku. Njaa inaniuma, ila ripoti inatakiwa kesho na kielelezo hakiruhusiwi kupungua.