Vyungu Viwili, Nyumba Moja

Jumatatu, Novemba 4
Aiya! Watu wa kodi wamenirudishia pesa! Elfu ishirini na nane, zile nilizokatwa kupita kiasi kabla kiwanda nilichofanyia kazi hakijafungwa. Miaka miwili nangoja. Mke wangu Mumbua akasema tumshukuru Mungu, halafu tumnunulie mama dawa za presha za kutosha mpaka Pasaka. Nikamwambia atulie kwanza.

Jumanne, Novemba 5
Furaha kwisha. Chifu ametangaza wazee wataandikishwa kupata pesa za kila mwezi. Mama ana miaka sabini na mbili, na dawa huwa anakunywa siku moja, anaruka mbili. Anazihitaji hizo pesa. Lakini wanaoandikisha wanaangalia nyumba nzima ina nini, na nyumba yetu, mara ya kwanza tangu nizaliwe, ina kitu! Jirani yangu Mutie anasema nisihangaike, nieleze ukweli tu. Yeye akimwandikisha mama yake atataja hata fidia ya shamba lake lililopitiwa na barabara. Mjinga huyo.

Alhamisi, Novemba 7
Nimepata dawa yao! Karani mmoja alikuwa akieleza watu hapa sokoni Migwani kwamba nyumba moja ni wale wanaokula chungu kimoja. Basi vyungu vikiwa viwili, nyumba ni mbili! Nimemhamishia mama kwenye jiko la zamani nyuma ya boma, na kitanda chake, sufuria moja na mafiga matatu. Mumbua alikataa kabisa kunisaidia kubeba. Mama aliuliza amekosea nini. Nikasema ni siku chache tu, na wageni wakija aseme anajipikia na hana wa kumsaidia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumapili, Novemba 10
Mvua. Jiko linavuja. Blanketi la mama limelowa, hakwenda kanisani. Mchungaji akauliza habari zake mbele ya watu wote, nikasema anapumzika. Kumbe Mumbua anampelekea chakula kisirisiri, muthokoi wa mahindi na maharagwe! Tumegombana. Ataniharibia chungu!

Jumanne, Novemba 12
Wamekuja. Msichana mpole anaitwa Muthoki, anaandika kwenye tableti. Nilijibanza nyuma ya ukuta. Akamuuliza mama nani humpikia. Na mama, Mungu wangu, akasema mwanawe Kimeu, yaani mimi, anamlisha vizuri, anamnunulia dawa, hajakosa kitu, na humo jikoni amekaa kwa kupenda joto la moto. Muthoki akaandika yote.
Nikaingia nimewaka. Mama akasema hawezi kumwambia mgeni kwamba mtoto aliyemzaa amemtupa. Watu wangenilaani, na laana ingekuwa imetoka kinywani mwake. Niliona aibu, wacha niandike hivyo.

Ijumaa, Novemba 15
Baraza. Majina yamesomwa mbele ya watu ili mwenye pingamizi aseme. Mama yake Mutie yumo, na fidia yake ya barabara! Mama yangu hayumo. Nikamvamia Muthoki, nikapiga kelele kwamba ni zile pesa za kodi zimetuponza. Akashangaa. Hakuwa na habari nazo. Akasema hata angejua, pesa iliyorudishwa mara moja si mapato ya kila mwezi. Mama ameachwa kwa sababu anatunzwa. Hakuna mzee Migwani nzima aliyemsifu mwanawe kama mama yangu, akasema. Watu wakanipigia makofi. Mutie ndiye aliyepiga zaidi.

Jumamosi, Novemba 23
Mama amerudi. Siku tano hospitalini, kifua. Pesa za kodi zimeishia huko zote, za dawa za presha hakuna. Amekonda, anatembea ameshika ukuta. Mumbua alikuwa ameshatandika kitanda chake ndani ya nyumba kubwa. Nimekirudisha jikoni. Chifu anasema huenda kukawa na orodha nyingine mwakani, na mimi nimeapa mara hii hawatatukuta tukianza mambo mwisho mwisho. Nimemwambia mama aanze mapema kujifunza kunisema vibaya, hata maneno mawili kwa siku. Akanishika mkono, akasema Mungu anibariki kwa kumpeleka hospitali.
Kazi ipo.