Padri wa Upande wa Mashariki

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Ndoo zote za jumba la Ravenhill zimehamia upande wa mashariki, yaani upande wangu, chini ya paa linalovuja kama kikapu. Asubuhi Bi Sybil Ravenhill, mwenye jumba na wa mwisho wa ukoo wake, alituita jikoni sisi waongozaji wageni. Alhamisi anakuja Bwana Prosser, mkaguzi wa majengo ya kale. Msaada uliopo unatosha kuezeka upande mmoja tu. Mwingine utafungwa.

Bi Crabtree, mwongozaji mwenzangu, akatabasamu ndani ya kikombe chake cha chai. Upande wa magharibi ni wake, na ana tundu la padri! Kijichumba nyuma ya ukuta alimojificha padri wa Kikatoliki zama mapadri walipokuwa wakiwindwa kama sungura. Wageni hutoka humo wakifuta machozi. Mimi nina nini? Kabati la sahani zilizopasuka. Na ndoo.

Ukifungwa upande wangu, nitakwenda wapi? Hester, mke wangu, kashasema: nikianza kushinda nyumbani kutwa, mmoja wetu atahamia kwa dada yake. Hakusema nani.

Natafuta muujiza.

Jumanne, 8 Aprili

Muujiza wa kwanza: mfalme. Niliwaambia wageni wa kutoka Leeds kwamba mfalme fulani, akikimbia vita, alijificha ndani ya dohani yangu. Macho yaliwatoka! Nikaongeza masizi usoni. Nikaongeza mbwa wake.

Mara Bi Crabtree akapita, eti anatafuta kitambaa cha vumbi.

“Makubwa haya, Bwana Tilling,” akasema, sauti asali tupu. “Dohani hiyo imejengwa mfalme wako keshalala kaburini miaka mia. Au alikuja kujificha baada ya kufa?”

Kicheko! Hata mbwa wa kweli wa mgeni mmoja alibweka. Kisha bibi mmoja akaniuliza tundu la padri liko wapi. Nikamwonesha kwa kidole. Wote wakamfuata.

Nilibaki na ndoo.

Jumatano, 9 Aprili

Kama Crabtree ana padri, nami nitakuwa na padri. Mapadri walikuwa wengi.

Nimegonga mbao za kuta tangu kufungua mpaka kufunga. Ko, ko, ko. Mwaloni mzito, hauna siri. Ila chumba cha mwisho, pembeni mwa dirisha: bu! Uwazi! Nikagonga tena. Bu! Nilitaka kucheza. Nikacheza kidogo.

Tatizo ni sheria. Jumba linalindwa. Huruhusiwi hata kupigilia msumari bila kibali, na kubandua ubao wa kale kunaweza kukufikisha mahakamani. Lakini mimi sipigilii kitu. Na kisu cha siagi si chombo cha ujenzi.

Wakati wa chakula nimegonga meza mpaka Hester akaninyang'anya kijiko.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilifika mapema kabla ya wote. Kisu cha siagi kikaingia vizuri. Ubao ukalia kama kondoo, ukaachia, kipande cha ukingo wake kikavunjika. Kidogo tu! Ndani giza, ubaridi, popo mmoja mwenye hasira. Nikajipenyeza. Ubao ukarudi nyuma yangu, ukakwama kabisa.

Nilisukuma. Wapi!

Nikapapasa, nikakuta kiti cha jiwe. Nikaketi. Hapo, nasema kweli, hofu ikanitoka. Nilimwona padri wangu amekaa papo hapo, askari wakipekua nyumba, naye roho mkononi. Nikapiga magoti nikambusia kiti chake. Nikalia pia. Si sana.

Sauti! Bi Ravenhill, Bi Crabtree na mwanamume mwenye lafudhi ya Wales. Mkaguzi! Nikajizuia kupumua. Vumbi la karne nyingi halijizuii. Nikapiga chafya.

Kisha Bi Crabtree: “Usijali, Bwana Prosser. Panya wa upande huu wana mafua.”

“Panya huyu anatumia manukato ya Tilling,” akasema Bi Ravenhill. “Tilling! Toka humo!”

Nikamwambia ningependa sana.

Walinivuta miguu wakanitoa. Bwana Prosser alitazama ubao uliovunjika, uso ukaiva kama nyanya. Akasema angeweza kunishtaki. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwanza akaone kiti cha padri. Akaingiza tochi. Akaingiza kichwa. Akakaa humo muda mrefu mno. Alipotoka alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

“Mzee wangu,” akasema, “hicho si kiti cha padri. Ni choo.”

Choo! Choo cha mabwana wa kale, chenye tundu refu la kuteremkia handakini. Bi Crabtree alilazimika kushika pazia.

Sikumwambia mtu habari ya kubusu.

Jumamosi, 12 Aprili

Habari! Bwana Prosser anasema choo kile kimeuumbua upande wa magharibi. Ukuta wangu ndio mkongwe kuliko wote hapa. Ukoo wa Ravenhill ulidhani jumba lao ni changa zaidi. Upande wa mashariki utaezekwa! Wa magharibi utafungwa, tundu la padri na yote!

Nilikimbia kwa Bi Ravenhill. Yuko kitini, skonzi na jamu hazijaguswa, anatazama dari. Akasema babake alikufa akiamini nyumba hii itaporomoka mikononi mwake yeye Sybil. Akanishika mkono. Sijawahi kumwona akimshika mtu.

“Umeniokolea nyumba, Tilling.”

Nikainama kwa heshima.

“Na usiguse tena ukuta wangu maisha yako yote. Bwana Prosser amekusamehe kwa sharti moja: hukanyagi ndani.”

Upande wa mashariki amepewa Bi Crabtree. Anawaonesha wageni choo changu. Wanafuta machozi.

Mimi nimepelekwa bustanini, nikae kwenye benchi. “Huko hakuna kuta,” akasema Bi Ravenhill.

Jumatano, 16 Aprili

Jua. Hakuna mgeni. Siwezi kukaa tu.

Mbele ya benchi pana kichaka kikubwa kilichokatwa umbo la tausi, chenye umri mkubwa kuliko sisi sote. Kinalindwa pia, nadhani. Lakini mkia umezidi upande wa kushoto, mtu yeyote mwenye macho anaona. Nimeleta makasi ya Hester. Nikapunguza kushoto. Basi kulia kukazidi. Nikapunguza kulia. Shingo ikaonekana ndefu.

Saa hizi tausi hana kichwa. Ila ukimtazama kutoka kwenye banda la zana, ukifumba jicho moja, ni kobe mzuri sana. Kesho nitawaambia wageni kwamba ukoo wa Ravenhill ulipenda kobe tangu enzi na enzi.