Ofisi ya Mwongozo na Kesho ya Henok

Wakazi wa Addis Ababa walitangaziwa kwa tarumbeta kwamba Ofisi ya Mwongozo wa Malezi ya Vijana Watu Wazima Wenye Asperger imefunguliwa rasmi. Ilikuwa na mkurugenzi mmoja, mihuri sita na zulia. Mwongozo wenyewe ungefuata.

Zewditu, mjane mcha Mungu, alijitanda shuka lake jeupe akaenda na mwanawe Henok. Henok alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha kuchapa ramani, aanze Mwaka Mpya. Meneja alitaka karatasi moja tu yenye muhuri: namna ya kuishi na kijana mwenye Asperger, anayechukua kila neno kama lilivyo. Ikikosekana, kazi anapewa mwingine.

"Ana umri gani?" aliuliza Mkurugenzi Gezahegn.

"Ishirini na mbili."

"Basi si mtoto. Na asiye na mtoto si mzazi. Mwongozo ni wa wazazi."

"Bwana mkubwa, nimemzaa mimi!"

"Zamani hizo, mama. Haya, njooni kesho."

Addis nzima inajua kesho ya ofisini: shika njia, usirudi. Zewditu akaaga kwa adabu, moyo mzito. Henok akaandika kwenye daftari: *Kesho.*

Kulipokucha, saa mbili kamili, Henok alikuwa mlangoni. Mkurugenzi hayupo. Siku ya pili, hayupo.

"Mwanangu, yule alitufukuza."

"Hapana, mama. Alisema njooni."

Zewditu akamwomba Mtakatifu Gabrieli subira, akabeba kikapu cha mikate ya injera, wakaenda tena. Na tena.

Siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na tatu wa kalenda ya Ethiopia, Mwaka Mpya ukibisha hodi, Bizunesh, karani wa mkurugenzi, alikuwa akikaanga buni za kahawa ofisini. Simu ikalia. Henok akaipokea, kwa kuwa ilikuwa inalia.

"Naibu Waziri hapa. Mkurugenzi yuko mkutanoni?"

"Hapana. Yuko kwake."

"Leo?"

"Leo ni siku ya ishirini na tatu ya kumngoja. Siku ya tisa alikuja, akachukua mwavuli."

"Wewe nani?"

"Henok. Niliambiwa nije kesho."

"Na mwongozo uko wapi?"

"Haujaandikwa. Zulia lipo."

"Umenimaliza, kaka!" Bizunesh akashika kichwa. Zewditu alijifunika shuka hadi machoni, mabega yakitikisika. Bizunesh alidhani analia.

Kabla ya adhuhuri Gezahegn akaingia mbio, shati nje. Mwongozo ulitakiwa wizarani jua halijazama. Akapiga magoti kwenye zulia lake.

"Mama, niokoe. Huyu analelewaje?"

"Si ulisema mimi si mzazi?"

"Ulimi uliteleza, mama yangu!"

"Basi andika. Usimwambie neno usilolikusudia."

"Halafu?"

"Halafu ulitimize."

"Mh! Hiyo ngumu."

"Kwake nyepesi."

Akaandika, jasho likimchuruzika, akagonga mihuri yote sita, nakala mbili. Henok akasahihisha tarehe. Zewditu akaikunja nakala yao, akaibusu, akaitia kifuani.

Gezahegn akajipangusa uso. "Sasa kibarua changu, sijui. Naibu Waziri kasema niende kesho."

"Saa ngapi?" Henok akauliza.

"Hakutaja saa."

Henok akamtazama kwa huruma ya kweli, akamkabidhi kikapu.

"Beba injera," akasema. "Mimi ilinichukua siku ishirini na tatu."